Kopo Lililosema Yupo

Mume wangu alikuwa fundi redio, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Fundi, hata hawa watoto waliozaliwa redio zikiwa zimeshahamia kwenye simu. Kibanda chake kilivunjwa zamani barabara ilipopanuliwa, akahamishia meza yake chumba cha uani. Meza hiyo ipo. Ina koleo, bisibisi za kila aina, chuma cha kulehemu, kopo la skrubu, na redio moja ya mbao iliyopasuka ubavu, ambayo huifungua asubuhi na kuifunga jioni. Hakuna aliyeileta na hakuna atakayekuja kuichukua. Ni kazi ya kushughulisha mikono tu.

Ugonjwa ulimwingia polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kwanza alisahau majina, nikasema ni uzee, hata mimi nasahau. Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Kisha siku moja akamuulizia mama yake, nami kwa ujinga wangu nikamwambia mama alishafariki, akalia msiba mpya kabisa, kama habari imefika asubuhi ile. Muuguzi wa zahanati akatukataza kubishana naye. Akisema leo ni Ijumaa, basi iwe Ijumaa. Akimuulizia marehemu, semeni katoka kidogo. Mkikubaliana naye tu, atatulia. Na kweli alitulia.

Basi tukawa nyumba ya waongo. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa bingwa. Babu yake akimuuliza mwenye redio hii mbona haji, anamjibu kwamba amesafiri kwenda kuoza binti, na posa imekuwa na maneno mengi, hawezi kuondoka katikati. Babu anatikisa kichwa, anasema posa ni kazi. Mimi mwanzoni nilikuwa mzito. Baadaye nikazoea. Ukishazoea unajibu huku unaosha vyombo, hata humgeukii anayeuliza.

Mjukuu huyu tunamwita Cheche. Jina alipewa na babu yake wakati bado ni mtoto wa kucheza chini ya meza, alipounganisha waya mbili zisizopatana na nyumba nzima ikazimika. Mwingine angemchapa. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Sasa Cheche ni dada mkubwa, mchana yuko duka la kutoa kopi, jioni akirudi hata viatu hajavua ameshakaa kwenye kona aliyogawiwa ya ile meza. Hapo ana vibodi vyake vidogo kama biskuti, vyenye vijiguu vya chuma pembeni kama jongoo. Vingine anavinunua, vingine anavichomoa kwenye midoli iliyotupwa na simu zilizotumbukia chooni. Hakuna anayemtuma. Alitengeneza kidude cha kumwagilia miche yangu ya kwenye ndoo, kikaimwagilia na mvua inanyesha. Akatengeneza kingine cha kupiga filimbi mbwa wa jirani akiingia uani. Mbwa akisikia filimbi, anakuja mbio kuangalia nani anamwita.

Mwanangu wa kiume, baba yake mdogo Cheche, ni mtunza stoo shuleni, na sisi tunamwita Stoo. Funguo zinamlia kiunoni, ukimsikia unajua amefika kabla hajabisha. Ni mtu mwema sana, ila kwake kila kitu kina mahali pake na kufuli lake. Yeye ndiye aliyemkuta baba yake siku moja alipopotea, amesimama katikati ya barabara kuu, kanyoosha mkono mbele, na lori limefunga breki mpaka bampa limegusa vifungo vya koti. Mwanangu alimrudisha nyumbani kamshika mkono. Baada ya hapo akaja na komeo la chuma mkononi, jipya, bado lina grisi ya dukani.

"Mama, akipotea tena natia hili kwenye mlango wa chumba chake. Kwa nje," alisema. "Siwezi kumzika baba kwa sababu wewe una huruma."

Nilimwelewa, ndiyo maana sikumjibu kwa hasira. Lakini ninamjua mume wangu. Kibanda chake hakikuwa hata na mlango, kilikuwa na ubao wa kuinua, na hata hapa nyumbani chooni hafungi, anaegesha tu, na mtu akikohoa nje yeye anajibu kwa kikohozi. Nikaona ukimfungia huyu chumbani, kile kidogo kilichobaki cha akili yake kitatoka kupitia dirishani na hakitarudi.

Cheche alikuwa amesimama anasikiliza. Akamwomba baba yake mdogo ampe siku chache, kuna kitu anataka kujaribu.

"Utampigia filimbi kama mbwa wa jirani?" Stoo akamuuliza.

Cheche akainama, lakini hakuondoka. Mwishowe komeo likawekwa juu ya kabati, na mwanangu akaenda zake na funguo zake zikilia.

Siku zile Cheche alikula amesimama. Ile kona yake ikajaa moshi wa risasi ya kulehemia inayoyeyuka, na babu yake akawa anasogeza kiti karibu, anatazama mikono ya mjukuu wake, anamwambia taratibu, usiichome, ipashe. Hakuuliza ni nini kinatengenezwa. Na sisi hatukumwambia.

Vilikuwa vitu viwili. Kimoja ni kibodi chembamba chenye betri bapa ya simu na kipande cha waya kama sharubu ya paka, hicho ni cha kukaa mwilini kwa babu. Cha pili kiliwekwa ndani ya kopo tupu la maziwa, likatobolewa tundu mbili, taa moja ya kijani na moja nyekundu, likakaa dirishani jikoni. Cheche alinieleza hivi: kile cha mwilini kinaita bila kuchoka, nipo, nipo, nipo, kwa sauti ambayo sikio la mtu haliipati. Kopo linasikia, linawasha kijani. Babu akivuka geti akaenda zake, sauti inafifia, kopo linakosa kusikia, linawasha nyekundu na kupiga kelele. Nikamwambia hata mimi nilishawahi kuwa kopo la namna hiyo, nilipokuwa nalea baba zake.

Tukakishona kwenye koti. Fundi ana koti moja la kahawia la kazini, halivui mpaka anapolala. Nilifumua bitana mgongoni, chini ya ukosi, nikatengeneza kijifuko, nikakishona kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya kujificha. Jioni koti likivuliwa, Cheche anapitisha waya wa chaji kwenye tundu nililoacha, asubuhi babu analivaa na kopo linawaka kijani.

Na kilifanya kazi, sitakisingizia. Siku moja nipo nakoka moto, kopo likalia kama mtoto aliyekanyagwa, nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikamkuta Fundi hajafika hata kwa fundi cherehani wa pale kona. Nikamwambia mume wangu, umesahau kunywa chai. Akarudi nami anacheka, mkono begani kwangu, kama tumetoka matembezini. Hata Stoo alipoelezwa, alilitazama lile kopo muda mrefu, akalizungusha, akalirudisha palepale lilipokuwa. Kwa mwanangu, hiyo ni sifa kubwa.

Lilikuwa na ubaya mmoja. Siku nyingine lilipiga kelele na mtu yupo, kakaa kitini mwake mbele ya macho yangu. Cheche alisema kuna kiungo cha ile sharubu ya waya hakijashika vizuri, koti likikunjwa vibaya sauti inakatika, atakirekebisha siku ya mapumziko. Kwa sasa nikisikia kelele za uongo nimbonyeze babu mgongoni. Nikawa nambonyeza. Naye akawa anashangaa kwa nini kila mara mkewe anamshika pale, na akaanza kupashikapashika mwenyewe, mkono umepinda nyuma, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza. Mara moja akaniambia kuna kitu kinaumwa hapa. Nikamwambia ni uzee, mume wangu, hata mimi mgongo unaniuma.

Lakini kwa jumla nilipumua. Zamani nilikuwa namfuata kwa macho kutwa nzima, sufuria linaungua, simu inalia, macho kwake. Sasa nikawa natazama dirishani. Kijani, naendelea na kazi. Kijani, naketi kidogo. Nikajikuta naweza hata kusinzia mchana, jambo nililolisahau.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nafua uani. Povu mpaka viwikoni, mgongo kwa nyumba. Fundi akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Mama, hii redio ni ya nani?"

Nilijua anasema ile ya mbao. Kila siku huuliza ya nani. Nikajibu kilichonijia mdomoni, na kilichonijia ni dereva wa treni, mteja wake aliyempenda kuliko wote, mtu mrefu mcheshi aliyekuwa akija na kofia ya kazi kwapani na kukaa pale kibandani mpaka giza. Alishafariki zamani. Nyumba za reli alizokuwa akikaa, nazo zilishavunjwa.

"Ya yule dereva wa treni," nikasema.

"Bado anakaa kulekule nyumba za reli?"

"Bado."

Akasema ina ugonjwa mdogo tu, ataimaliza sasa hivi. Nikamwambia haya, nikaendelea kusugua shuka. Sikugeuka. Ningegeuka ningeona alichoshika mkononi.

Mchana ule kopo halikulia hata mara moja. Kijani tu, kijani imetulia, haitikisiki wala haipepesi. Nilianika nguo, nikapika, nikakaa kwenye mkeka nikanyoosha magoti, nikawaza moyoni kwamba mjukuu wangu sasa amekuwa fundi kweli. Usingizi ukanipitia.

Nilipoamka nikampelekea chai. Kiti kitupu. Nikaenda kitandani, kitupu. Chooni, nikakohoa, kimya. Nikarudi jikoni mbio kutazama kopo, na kopo linaniambia yupo.

Hapo ndipo nilipopoteza muda. Ningetoka nje moja kwa moja ningemkuta mtaa wa pili pengine, sijui. Sikutoka. Kopo limesema yupo, kwa hiyo yupo. Nikamtafuta ndani. Nikainama uvunguni. Nikatazama nyuma ya tangi la maji, nyuma ya mlango, nikafunua pipa la mkaa, mtu mzima mwenye miguu mirefu namtafuta kwenye pipa la mkaa. Kila nikipita jikoni natazama dirishani, kijani. Nikaanza kumwita kwa jina la kazi, Fundi, Fundi, kama mteja. Ndipo nikampigia simu Cheche, na Cheche akampigia baba yake mdogo.

Cheche alifika wa kwanza, vidole vimejaa wino wa mashine, pumzi hana. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo, akaliunganisha na simu yake, akatazama namba zake zile anazozijua yeye.

"Bibi, yupo," akasema. "Sauti inakuja na nguvu kuliko siku zote. Hajawahi kusikika vizuri hivi."

Akaanza kutembea na simu mkononi, anafuata ile nguvu, chumba kwa chumba, mimi nyuma yake. Tukafika uani, kwenye meza.

Kibodi kilikuwa pale, juu ya kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Taa yake ndogo inapepesa. Ile sharubu ya waya ilikuwa imeng'olewa na kulehemiwa upya, kiungo kinang'aa, kiduara kama ushanga. Pembeni kulikuwa na uzi wangu mweusi. Fundi hakuukata. Aliufumua mshono mmoja mmoja, akauzungushia kwenye njiti ya kiberiti ili usipotee.

Cheche alikaa chini palepale, akaweka mikono kichwani. Nikasikia funguo zinaingia getini. Stoo akasimama mlangoni, akatazama meza, akageuka kutazama kopo jikoni, bado kijani, na sura yake ikabadilika.

Mimi nilikuwa nimesimama natazama kile kitambaa kilichokunjwa. Kwa sababu kitambaa hicho nakijua. Mume wangu ana mtindo wake tangu ujana: redio iliyopona haikabidhiwi siku hiyohiyo. Anaiweka kwenye kitambaa safi, anaiwasha, anaiacha iimbe mchana kutwa. Ikizima, ilikuwa inadanganya. Ikifika jioni bado inaimba, imepona. Na wakati yenyewe inaimba, yeye huvaa koti, anakwenda kwa miguu mpaka kwa mwenyewe kumwambia njoo kesho uichukue. Enzi hizo watu hawakuwa na simu, na hata walipopata, yeye aliendelea kwenda.

"Amekwenda kumwambia mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani, mama?"

Nikawaambia. Sikuwa na namna ya kuizungusha. Nikasema nilimwambia ni ya dereva wa treni, na nilimwambia bado anakaa nyumba za reli.

Jirani yetu seremala ana kigari cha kubebea mbao, akatupakia sisi wote bila kuuliza. Mimi mbele, watoto nyuma na vumbi la randa. Ili kufika zilikokuwa nyumba za reli lazima uvuke reli yenyewe, na treni ya mizigo hupita pale mchana bila saa maalumu. Tulipokaribia nikaona watu wamekusanyika kwenye kivuko cha reli, wengine wameinama wanatazama chini. Seremala akapunguza mwendo. Mimi sikuangalia. Nilitazama mikono yangu, ngozi bado imepauka kwa sabuni ya kufulia. Nikamsikia Stoo ameruka kabla gari halijasimama, nikasikia funguo zikikimbia, kisha kimya, kisha zikirudi taratibu. Mkokoteni ulipinduka, akasema, ni mkokoteni tu na magunia ya chumvi. Alipopanda nyuma alishika ukingo wa gari karibu na bega langu, hakuuachia mpaka tulipofika.

Nyumba za reli hazipo. Pale sasa ni uwanja wa makontena, umezungushiwa waya wenye miiba, na geti lenye mlinzi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe amesimama, kofia hana, kwa sababu kofia yake ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa kulia wa Fundi na damu imeipita. Akatueleza kwamba alisikia waya unalia upande wa nyuma, akakuta mzee anaupanua kwa mikono, anasema mlango wa dereva uko hapa, yeye anapajua. Akamsihi auachie, hakuachia. Ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja.

"Tangu hapo ananiambia ana habari za redio," mlinzi akasema. "Nikamwambia mzee, mimi na wewe tukae, dereva akija tutamwambia."

Kumbe hata yeye, mtu baki tu, naye alishajifunza kudanganya kama sisi.

Fundi aliponiona alisimama kwa adabu. Akaniambia dereva hayupo, na huyu kijana hapafahamu vizuri, ni mgeni. Stoo alipiga magoti kumfunga baba yake kamba ya kiatu iliyofunguka, na alikaa pale chini muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Zahanati walimshona kiganja. Muuguzi, yuleyule, alisema waya umeingia ndani, vidole viwili havitakunjika kama zamani. Mkono wa kulia. Mkono wa bisibisi.

Komeo liliteremshwa kutoka juu ya kabati siku iliyofuata. Mwanangu alilifunga mwenyewe, kwa skrubu ndefu, kwenye mlango wa chumba cha baba yake, na mimi nilimshikia taa. Cheche alichukua kibodi, betri, kopo na waya zake zote, akazitia kwenye mfuko, akanipa nikatupe. Nikamwambia kopo halikusema uongo, lenyewe lilisikia "nipo" na likasema yupo, na aliyekuwa anaita kweli alikuwepo. Hakutaka kusikia. Alisema, "Bibi, nilimshonea redio fundi redio mgongoni. Nilifikiri atafanya nini?" Akaenda kazini. Jioni alirudi akapita moja kwa moja kulala, na kona yake ikabaki tupu, na nilichukia kuiona.

Mpango wa Stoo ulikuwa mzuri kwa kuusikia. Babu afungiwe tu nikiwa nina kazi za mikono, nikimaliza namfungulia, tunakaa wote. Basi asubuhi nikamfunga bandeji mpya, nikampa ile redio ya mbao aishike kitandani, nikatoka, nikavuta mlango, nikalisukuma komeo. Lilikuwa laini kwa grisi. Halikutoa hata sauti.

Nikaanza kumenya. Kitambo kidogo nikasikia mlango unagongwa, taratibu, kwa kifundo cha kidole, kama watu wastaarabu wanavyogonga.

"Hodi," akasema mume wangu.

Nimeishi miaka yangu yote hii, sijawahi kusikia mtu anabisha hodi akiwa ndani. Hodi ni ya anayetaka kuingia. Mwenye nyumba hapigi hodi, tena kwenye chumba chake, kwenye kitanda alichokinunua mwenyewe. Nikabaki nimeshika kisu na kiazi.

"Hodi," akasema tena, hana haraka wala hasira. "Wenyewe wapo?"

Mdomo wangu ukajibu peke yake, kama unavyojibu tangu utotoni, ukasema karibu. Na ukishasema karibu unafungua. Nikafungua.

Alisimama pale na koti lake, mkono uliofungwa kaukumbatia kifuani. Alinitazama usoni kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mama wa nyumba asiyoijua. Akanishukuru. Akasema hatakaa sana.

"Namtafuta mke wangu," akasema. "Nadhani alinifungia akasahau."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeuzoea, umelainika. Katoka kidogo. Yuko sokoni. Anakuja sasa hivi. Ningesema hivyo angeketi akatulia, kama muuguzi alivyotufundisha. Nikashindwa.

"Ni mimi," nikamwambia. "Sikusahau. Nilikufungia kwa makusudi, kwa sababu ninaogopa."

Akaifikiria hiyo habari. Akatazama mlango, akalitazama komeo, akalijaribu kwa kidole cha mkono mzima, mbele, nyuma. Sijui alielewa kiasi gani. Nilikwenda mezani nikachukua bisibisi, nikarudi, nikaanza kuzifungua zile skrubu, na mimi kazi hiyo siijui, bisibisi inateleza, inachubua rangi. Alinivumilia kidogo. Kisha akaichukua mkononi mwangu kwa mkono wa kushoto, taratibu, akasema unaiumiza, mama, akaziondoa moja baada ya nyingine na kunikabidhi.

Stoo alipopita kabla ya kwenda stoo alitukuta kizingitini, komeo liko mapajani mwangu. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama najua ninachofanya. Nikamwambia sijui.

"Akitoka tena?"

"Nitakuwa nyuma yake."

"Kwa magoti hayo, mama?"

"Kwa magoti haya."

Alikaa chini upande wa pili wa baba yake, na kwa muda tulikuwa watatu kizingitini kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari. Alichelewa kazini siku ile. Alipoondoka alilichukua komeo na skrubu zake, akavitia mfukoni, hakuaga.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Fundi akisimama, nasimama. Akitoka, natia viatu. Nikisikia anaulizia watu waliokufa namwambia wamekufa, na akilia nakaa naye mpaka amalize, na mara nyingine anamaliza haraka kuliko nilivyoogopa. Siku nyingine tunafika kwa fundi cherehani, tunapewa kigoda, tunarudi. Siku nyingine tunafika mbali mpaka miguu inawaka moto, nakaa kwenye ngazi za watu namwomba anisubiri, na anasubiri, hajaniacha bado. Jioni Stoo huja bila kuitwa. Funguo huziacha mlangoni juu ya msumari, anamfuata baba yake, wanakwenda upande wowote baba anaotaka. Kona ya Cheche bado tupu. Juzi nilimkuta amesimama tu mbele ya meza, mikono nyuma, anatazama mkono wa babu yake unavyopapasa bisibisi usiweze kuishika. Hakugusa kitu.

Kuna siku nitasinzia, najua. Sina nguvu za kijana wala macho ya paka, na nyumba yetu ina geti linalofunguka. Nimelala nayo hofu hiyo na nimeamka nayo, na leo pia nimeamka nayo. Lakini kila nikifikiri kwenda kwa mwanangu kumwambia arudishe komeo, naisikia ile sauti ya adabu nyuma ya mlango, inauliza kama wenyewe wapo, na najikuta nimeshatia viatu.